Siku Niliyomsihi Punda wa Siyu

Nawaambieni mapema, msije mkaanza kunong'onezana: yule mtu kwenye ile video, aliyepiga magoti mchangani akimsihi punda kwa adabu zote, ndiye mimi, mwalimu wa darasa la nne hapa Siyu, mzaliwa wa Mkokoni, mume wa mtu na baba wa mtoto mchanga. Aibu imeshanipata, imebaki kusimulia tu.

Mimi niliajiriwa na bodi ya shule, si serikali, na mkataba wangu ulikuwa unaisha muhula ule. Mwenyekiti wa bodi ni Bwana Shee, mzee mkali ambaye tangu nifike Siyu hakuwa amenipa neno zaidi ya kuitikia salamu. Kikao cha kuamua kama nabaki au naondoka kilipangwa Jumatano mchana, na mimi (ujanja wangu huo!) nikasema, wakiona walimu wa nchi nzima wananitazama nikifundisha, watanifukuza vipi?

Maana nilikuwa kwenye kundi la walimu mtandaoni, na Mungu awabariki, wamenifunza mengi, kuanzia hesabu za vifuniko vya chupa mpaka namna ya kumfanya mtoto mwenye haya afungue mdomo. Kila wiki mmoja wetu hurusha somo lake mubashara, wengine wanatazama na kumkosoa, na zamu yangu niliiomba iwe Jumatano hiyo hiyo asubuhi. Nikachagua kitu nilichokiona kwa mwalimu mmoja wa bara: unabandika michoro mlangoni, wa mkono, wa ngumi, wa ngoma, mtoto akigusa mmoja unamsalimu hivyo hivyo, na sharti ni kwamba mwalimu hakatai.

Mwalimu Khadija wa darasa la pili alipoiona michoro yangu akatikisa kichwa. "Huo wa ngoma ubandue, bwana. Wana wa hapa ngoma waijuayo ni kirumbizi."

(Kirumbizi, kwa msioijua, ni ngoma ya fimbo: mtu huingia uwanjani na yake, mwenzake humkabili, wakachezeana kama wanaopigana, na ukikabiliwa ukakataa, umeumbuka.)

"Wacha, Bi Khadija," nikamjibu, "mtandaoni ndivyo ulivyo." Kosa ndilo hilo, mengine yote yalizaliwa hapo.

Simu nikaisimamisha dirishani, nikawasalimu walimu wenzangu kwa Kiswahili cha redio, watoto wakapanga foleni na mambo yakaenda vizuri mno, ngumi hapa, mkono pale, mpaka nikainua macho nikamwona Bwana Shee, kaja kikaoni mapema, naye kajipanga mwisho wa foleni na bakora yake. Sasa, mimi na kuchora hatupatani. Mchezaji ngoma wangu alikuwa mtu aliyeinua mikono miwili juu, basi. Bwana Shee akaitazama michoro yote, akaugusa huo kwa ncha ya bakora.

"Mimi nataka huu wa kuomba dua," akasema.

Darasa likalipuka. "Ngomaaa!" Madawati yakapigwa, mtoto mmoja akanitia mkononi fimbo ya kuonyeshea ubaoni, na mimi nikangoja mzee akasirike. Wapi! Akakunja kanzu, akainua bakora, uso wake wote ukafunguka.

"Ndoo, mwalimu! Yeo tutajuana!" (Yaani njoo, leo tutajuana.)

Sijawahi kucheza kirumbizi maishani mwangu. Lakini nchi nzima inatazama, nikamkabili, nikarusha fimbo kwa madaha, na ile fimbo ikainasa kofia yake, kofia aliyoshonewa na mkewe Bi Nuru kwa mkono, ikaruka mpaka dirishani, ikaipiga simu yangu, vyote viwili vikaangukia nje.

Bwana Shee akaweka mkono kwenye upara. "Mwalimu," akasema polepole, "umri wangu wote watu hawajaniona kitwa wazi."

Nilitoka mbio, na huko nje simu nikaikuta imeegemea ukuta, bado inarusha, na mbele yake punda anaitafuna ile kofia bila haraka. Nikavuta, akavuta. Nikapiga magoti. "Bwana punda, tafadhali, nipe, hiyo ndiyo kazi yangu, nina mtoto mchanga!" Mwalimu mmoja akaandika pale pale: "Samahani, hii ni mada gani?"

Nilipata nusu. Bwana Shee aliipokea, akaitia mfukoni, akajifunga leso kichwani, akaenda kikaoni. Kabla ya adhuhuri video ilishafika Ras Kitau anakofanya kazi ya maboti mdogo wangu, naye akanipigia: "Kaka, punda alikujibuje?" Nilikuwa nimeshaanza kufikiria jinsi ya kumwambia mke wangu tufunge mizigo.

Nikaitwa ndani.

"Wenzangu wameniuliza, huyu ende au akae?" akasema Bwana Shee, ile leso bado kichwani. "Nimewambia hendi popote. Aniharibie kofia kisha apande boti arudi kwao? Utanishonea nyengine kwa mkono wako. Bi Nuru atakufundisha."

"Bwana Shee, kofia ni kazi ya miezi."

"Kwa ajuaye. Kwako wewe ni mwaka." Akanisogezea karatasi. "Na mkataba ni mwaka. Haya, tia sahihi."

Sikuficha, machozi yalinitoka mbele ya bodi nzima.

Kwenye kundi bado nipo, najifunza na kuwakosoa wenzangu, ila kurusha somo mubashara nimeapa, sirudii, na mchoro wangu haubandikwi popote kabla Bi Khadija hajaupitisha. Mwaka sasa unaelekea ukingoni, na mkataba pamoja nao. Juzi nilimpelekea Bwana Shee kofia ikiwa imebaki kuunganishwa tu, na Bi Nuru mwenyewe alikuwa amesema haina kasoro. Mzee akaigeuza, akaisogeza machoni, kisha akanitazama mimi kwa muda.

"Hapa pamekwenda upande," akasema. "Fumua, anza tena."

Nikafumua.