Risasi za Shabaha kwa Kongoni wa Harusi

Nimekosa, na sitaki mtu anipoze moyo. Wengine wakiungama husema shetani aliwapitia. Mimi shetani hakunipitia hata kidogo. Nilikuwa mzima, nimeshiba, shati limepigwa pasi, nikafanya upumbavu wangu kwa akili timamu.

Miaka ile ya mwisho wa sitini nilikuwa nauza bunduki na risasi katika duka moja katikati ya Nairobi. Kuwinda kulikuwa halali kwa mwenye kibali. Mimi sikuwa na kibali wala bunduki, na maishani mwangu sijapiga hata njiwa. Lakini laiti mngenisikia nikihutubia wateja!

Wote niliwadharau. Mabwana wa Kitisuru walinunua risasi za kuangushia nyati, wakaenda kupiga kanga. Makarani walikuja na vibali vipya mfukoni, wakaulizia risasi za bei ya chini kabisa kwa swala na kongoni, halafu wakazigeuza mkononi kama wanachagua nyanya. Nilikuwa nawatazama nikisema moyoni, hawa nao ni wawindaji? Kumbe mjinga mkubwa kuliko wote alikuwa amesimama upande wangu wa meza.

Sasa sikilizeni. Dada yangu ameolewa na Maalim, mtu wa Pwani kama sisi, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani mjini na kukaa Parklands. Maalim alikuwa na rafiki, Mutua, Mkamba, Mkristo, karani wa serikali aliyekaa mtaa wa Jamhuri. Urafiki wao ulianzia hospitalini. Mke wa Mutua alilazwa na uzazi mbaya, na dada yangu, aliyekuwa kitanda cha pili, alimlisha kwa mkono wake mpaka akainuka. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili zilikuwa moja. Krismasi kina Maalim wako Jamhuri, Idi kina Mutua wako Parklands.

Basi mpwa wangu, binti wa Maalim, akaposwa. Mutua alikuwa na kibali na bunduki ya zamani, akasema zawadi yake ni kongoni mzima wa harusi. Na mimi, mjomba wa bibi harusi, nikadakia kwamba risasi ni juu yangu na kisu ni juu yangu.

Kisu ndicho kiini cha mambo. Mutua si Mwislamu, kwa hiyo mnyama aliyempiga hatuwezi kumla mpaka Mwislamu amfikie akiwa bado ana roho, amchinje. Akikata roho kabla ya kisu, huyo ni kibudu, haramu, hata awe amenona vipi. Ndiyo maana nilikwenda naye.

Mutua alipokuja dukani aliomba risasi za ncha laini, zile zinazochanua zikiingia mwilini na kumwangusha mnyama papo hapo. Zilikuwa na bei yake. Chini ya meza nilikuwa na maboksi ya risasi ngumu, zimevikwa shaba mpaka nchani, za kulengea shabaha. Hizo zilikuwa rahisi sana, na mimi ndiye mlipaji. Lakini msidhani nilijiambia kwamba mimi ni bahili. Wapi! Nilijitungia elimu.

Nikamwambia Mutua kwamba ncha laini ni za watu wasiojua kulenga. Nikamwambia zinaua upesi mno, mnyama atakata roho kabla sijafika na kisu. Risasi ngumu itatoboa tundu dogo na kutoka upande wa pili, mnyama atabaki hai, nami nitamchinja kwa raha zangu. Mutua alikuna kichwa. Alisema watu wa kwao hawawindi hivyo. Nikacheka, nikamuuliza kama watu wa kwao huuza risasi.

Akili nyingi huondoa maarifa. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kufikiri inanihusu.

Tulikwenda na pikapu yake upande wa Kajiado, tukawakuta kongoni asubuhi wakilisha. Mutua alilenga vizuri, sina la kumlaumu. Risasi iliingia nyuma ya bega. Kongoni alijikwaa, akasimama, akatimua mbio na wenzake. Mutua akampiga tena. Mnyama akazidi kukimbia! Risasi zangu zilipita mwilini mwake kama sindano kwenye shuka. Elimu yangu ilikuwa kweli tupu: mnyama alibaki hai. Alibaki hai akienda zake.

Tulimfuata kwa miguu mpaka jua likageuka. Damu ilikuwa tone hapa, tone kule, mahali pengine hakuna kitu. Kongoni yule aliteseka jua zima kwa sababu ya ubahili wangu, na hata hilo sikulifikiria. Nilichofikiria ni kwamba nimeshawatangazia Parklands nzima kuwa watakula nyama ya mwitu.

Tulimkuta amelala chini ya mgunga. Nzi walikuwa wameshafika. Nilikimbia mbele, nikapiga magoti, nikasoma Bismillahi, nikapitisha kisu. Damu haikuruka. Ilichuruzika kidogo, nzito, nyeusi, ikakoma.

Mutua alifika akihema, akatazama shingo, kisha akanitazama mimi.

"Hii imekufa kitambo," alisema.

"Bado ina joto."

"Hata chai iko na joto."

Aliniambia tuwaachie mbwa wa wachungaji. Kibali chake kilikuwa cha kongoni mmoja, basi, kimekwisha. Njiani tungenunua mbuzi, na yeye angechanga. Mbuzi! Mimi, bingwa wa bunduki, nirudi harusini na mbuzi wa sokoni kama mtu yeyote? Nikakataa. Nikamwambia hayo ni mambo ya dini yetu, yeye hayamhusu, anyamaze.

 Mutua akasema, "Sawa, kusema ni kazi yako. Mimi sitakuaibisha. Lakini kukaa na Maalim nikule hii pamoja na yeye, hiyo siwezi."

Tulipofika Parklands, Maalim aliniuliza swali moja tu, kwa sababu kwetu neno la mchinjaji linatosha. Aliniuliza kama nilimkuta yu hai. Nikasema, "Hai, Maalim." Akaniombea dua, akawaambia wapishi waendelee. Nililala usingizi mzuri. Nawaambia haya ili mnijue vizuri.

Siku ya harusi tuliketi mikekani, kila kundi na sinia lake la pilau. Mutua aliketishwa sinia moja na Maalim na mimi, mahali pa heshima. Watu walikuwa wananisifu. Jitu zima likisifiwa kwa kibudu, nalo linatabasamu! Mutua alichukua ndizi, akaimenya polepole. Hakugusa wali wala nyama.

Maalim aliona. Alisogeza kipande kizuri upande wake, kama wafanyavyo wenyeji, akamuuliza kwa upole mbona hali, au kuna jambo. Mutua akasema ameshiba. Maalim hakuridhika, akauliza tena. Mutua akanitazama. Alikuwa ananipa nafasi, nami nilijua, na kwa kujua nikaingiwa na hofu ya kutisha.

Nikacheka kwa sauti, wa masinia ya jirani wasikie. "Mwacheni, Maalim. Anaona kinyaa kutia mkono sinia moja na sisi."

 Maalim alirudisha mkono wake. Mutua angeweza kunimaliza kwa sentensi moja tu. Hakusema. Aliita maji, akanawa mikono ambayo haikugusa chakula, akamshukuru mwenye nyumba, akavaa viatu, akaenda.

Shukrani ya punda ni mateke. Na punda ana afadhali, hachagui wa kumpiga. Mimi nilimchagua mtu pekee pale aliyekuwa ameacha kula kwa sababu ya heshima, nikamwita mwenye dharau. Mwenye dharau alikuwa mimi!

Urafiki ukafa siku hiyo. Maalim alisema mtu anayeona kinyaa kula naye, hatamkaribisha tena kwake. Dada yangu alilia, akamtetea shoga yake, mke wa Mutua, haikusaidia. Krismasi ikaja, hakuna aliyekwenda Jamhuri. Idi ikaja, hakuna aliyetoka Jamhuri. Mke wa Mutua alijifungua tena, na dada yangu akapata habari kwa watu. Mimi nilikuwepo miaka yote hiyo, nakula kwao Ijumaa, naulizwa habari za dukani, najibu.

Halafu uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Duka likahamia kuuza tochi na ndoana. Elimu yangu yote ya risasi ikawa haina kazi, na nadhani nchi haikupata hasara.

Idi ya mwaka ule Maalim mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. Alinipa kisu chake mbele ya wanawe, akasema kuanzia leo mimi ndiye nitakayewachinjia, kwa kuwa mkono wangu ni amana. Nilikipokea. Mbuzi alikuwa amelazwa, wamemshika, wananingoja. Sikuweza.  Nikamwomba Maalim tuingie ndani, nikamweleza yote, kuanzia boksi la risasi.

Nilitegemea anitukane. Ningepata nafuu. Alikaa akitazama sakafu.

"Sisi tuliokula bila kujua, Mungu ni Msamehevu," alisema. "Lakini mgeni alitoka kwangu na njaa, amekuhifadhia aibu yako. Huyo nitamwambia nini?"

Akanyoosha mkono, nikamrudishia kisu. Mbuzi alichinjwa na mwanawe mdogo. Dada yangu alipika, akajaza sinia, akalifunika kawa. Maalim akavaa kanzu yake ya Idi, akamwita dereva wa teksi, wakaenda Jamhuri yeye na mkewe. Nilipotaka kuinua sinia niwapelekee garini, dada yangu alinitangulia, akalibeba mwenyewe bila kunitazama.

Ewe unayesoma, usije ukasema habari hii ni ya bunduki, na bunduki zimekwisha. Uko dukani kwako, au ofisini, au nyumbani, unachukua kitu cha rahisi na kukipamba kwa maneno mpaka wewe mwenyewe unakiamini. Kikikuharibikia unamtafuta aliye kimya, unamtupia. Nakuona, kwa sababu ndivyo nilivyo. Sema siku ile ile, kongoni akiwa bado yuko chini ya mti. Aibu ya siku ile ingekuwa ya mbuzi mmoja wa sokoni.

Walirudi Alasiri. Niliwasikia wakicheka tangu getini, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya harusi ile. Sinia lilikuwa tupu, wamekula wote pamoja. Dada yangu aliliosha, akalianika ukutani, akaingia ndani. Mimi nilikuwa bado nimeketi uani na njaa yangu ya Idi, na hakuna aliyeniuliza kama nimekula.