Maua Pembezoni mwa Kunde

Asubuhi moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, na ukungu uliopanda kutoka bonde la Ruvuma ulikuwa umelala juu ya mashamba ya Newala, hata mkorosho wa hatua chache mbele huuoni. Majirani tuliwasikia kabla ya kuwaona: jembe likigonga jembe, mtu akikohoa, mwingine akicheka.

Nilikuwa kijana, nimetoka kwetu Lisekese kuja kumsaidia Mama Somoe, dada mkubwa wa mama yangu. Alikuwa mjane, goti linamsumbua, na majirani walikuwa wameamua kumpalilia shamba la kunde. Desturi yetu unaijua: mwenye shamba anapika, wenzake wanaleta majembe, na kazi haiishi mpaka udongo ubaki mtupu. Kikundi kikiacha majani hutungiwa wimbo wa kejeli, na wimbo huo utausikia katika kila shamba msimu mzima. Ndiyo maana hakuna aliyependa kuacha hata unyasi.

Kunde zile ndizo zilizokuwa chakula chake mpaka korosho ziive.

Aliyeongoza kazi ni Baba Issa, rafiki wa marehemu mumewe, mtu wa maneno mengi. Tulipofika pembezoni mwa shamba, ukanda wa maua ulijitokeza taratibu kwenye ukungu, kama kitu unachokikumbuka nusu baada ya kuota: giligilani zilizoachwa zikachanua maua meupe, mchunga wenye maua ya manjano, alizeti fupi zimeinamisha vichwa kwa umande. Baba Issa akainua jembe.

"Hapo basi," alisema Mama Somoe.

"Shemeji, haya si majani?"

"Ni majani."

"Basi tunayatoa."

"Ukiyatoa, vidukari, wadudu hawa wanaofyonza mashina, watamaliza kunde, nami nitakula nini? Dawa ya wadudu inataka maji ya kuchanganyia. Maji yangu mimi nayanywa."

Baba Issa akatugeukia. "Jamani, shemeji yetu ana wachumba! Anawapandia maua!"

Watu walicheka, lakini mmoja alinung'unika kwamba ameacha shamba lake kuja kusaidia mtu asiyetaka kusaidiwa. Hilo Mama Somoe alilisikia. Alijua kwamba mwaka unaofuata huenda wasije tena, na kwa goti lile asingeweza kulima peke yake. Hakupandisha sauti.

"Wachumba wangu hawaamki mapema kama nyinyi," alisema. "Kaeni mnywe uji. Jua likitoka mtawaona."

Tukakaa. Ukungu ulikuwa ukiondoka mti mmoja mmoja, na mwanga ukafika kwenye maua kwanza. Wakaja nzi wembamba wenye michirizi ya njano, wale wanaosimama hewani kana kwamba wamefungwa kwa uzi. Wakaja nyigu wadogo mno, na wadudu wekundu wenye madoa meusi, mgongo wa duara kama kobe. Nilihisi kama tumeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Mama Somoe aliinamisha shina la kunde lililojaa vidukari weusi. Katikati yao palikuwa na buu dogo la kijani, limemshika kidukari mmoja na kumwinua juu, linamfyonza.

"Huyu ni mtoto wa yule nzi," alisema. "Mama anakula ua, mtoto anakula vidukari. Mkimnyima mama chakula, atakwenda kuzaa kwingine."

Baba Issa alitazama mpaka uji wake ukapoa. "Nimeona, shemeji. Lakini wimbo? Watatuimba."

"Semeni mimi ndiye niliyekataa. Niimbeni mimi."

Baba Issa akaweka jembe begani, akayaacha maua, nasi tukamfuata. Mchana, kabla sahani hazijaoshwa, wimbo ulikuwa tayari, na mtunzi ni yeye mwenyewe: kwa Mama Somoe wadudu wana bustani, ee, wanapaliliwa! Uliimbwa kila shamba. Nami niliitikia.

Msimu ule mashamba ya jirani kunde zilijikunja. Za Mama Somoe vidukari walikuwepo, sitakudanganya, ila hawakulishinda shamba. Baada ya mavuno alikuja mke wa Baba Issa. Alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaomba mbegu za giligilani. Alipokuwa akisubiri, akaanza kuuimba wimbo ule polepole, kwa mazoea tu, bila kukumbuka anaimba nini na yuko kwa nani. Mama Somoe akamfungia mbegu kwenye pindo la khanga, na akaitikia: ee, wanapaliliwa.

Mwaka uliofuata walikuja wote.

Leo dawa inafika Lisekese kwa bodaboda, nami siikatai pale inapobidi. Lakini, mwanangu, kabla ya kung'oa kitu, kaa ukitazame jua likiwa limetoka. Acha ukanda wa maua madogo yaliyo wazi pembezoni, upande kwa awamu ili mengine yachanue mengine yakikauka, wala usiyapulizie dawa. Usitegemee vidukari waishe wote, kwa sababu wakiisha wote, walinzi wako nao watahama kwa njaa. Na wenzako wakikucheka kwa jambo ulilolitazama kwa macho yako, waachie wimbo, wewe linda shamba.

Mungu akupe umande asubuhi na majirani wanaorudi. Na kila ukifika pembezoni mwa shamba lako, ukute kuna aliyewahi kazini kabla yako.