Kaseti Isiyo na Salamu

Nyumbani kwetu Mchafukoge, kaseti ilikuwa barua. Kaka yangu alipokwenda Uingereza kusoma, alikuwa anaongea kwenye kaseti, anampa mtu anayekuja Bongo. Tukishamsikiliza, tunarekodi majibu juu ya maneno yake, inarudi kaseti ileile. Halafu akanyamaza. Mama akawa halali vizuri, kila anayetoka Ulaya lazima amuulize.

Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara ya nje imefunguliwa, na jirani yetu wa Kihindi alikuwa ameanza kufuata mzigo London kwa ajili ya duka lake la Kariakoo. Siku moja akatuletea kaseti, haina hata boksi. "Mwanao kasema msikilize vizuri, mama."

Tukaiweka. Lahaula! Magitaa yanakwaruza, mtu anapiga mayowe ya Kizungu, ngoma zinatwangwa. "Wimbo ukiisha ataongea," mama akasema. Ukaisha, kimya. Tukageuza upande wa pili. Wimbo uleule! Nikachanganyikiwa. Nani anatuma wimbo mmoja, tena mara mbili, bila hata shikamoo kwa mama yake?

Nikaipeleka Kariakoo kwa jamaa aliyekuwa akirekodia watu kaseti. Akasikiliza, akacheka. "Sista, hii roki. Mtu anayeongea humu hamna."

Nilirudi nimenuna. Mama naye hofu imemjaa: mwanawe kafungwa, au karukwa na akili, au kaseti imebadilishwa njiani. Basi tukaziba vile vitundu vya juu ya kaseti kwa karatasi ili ikubali kurekodi, akaongea pande zote mbili, juu ya ule wimbo. "Mwanangu, u mzima? Tumesikia makelele tu. Ongea." Jirani akasafiri nayo.

Baadaye kaka akapiga simu dukani kwa jirani, tukaitwa mbio. Mama akashika mkono wa simu, nami nimebandika sikio pembeni.

"Mama, ule ni wimbo wetu. Bendi yetu ndiyo imeutoa. Ngoma napiga mimi."

"Wewe?"

"Mimi, mama. Hukunisikia?"

"Baba, mimi nilikuwa nasubiri hao wanyamaze ndiyo uongee."

Simu ikakatika.

Tulipofika nyumbani mama akaniuliza, "Hebu, zile ngoma zilikuwaje?" Nikaanza kugonga meza, nabahatisha tu, machozi yananilenga. Nilijua nakosea, na yeye alijua.

"Usiache," akasema.