Nilivyomsifu Binti Yangu Tukiomba Nyumba

Baba yangu ni Lwaboshi, mama yangu ni Nabintu, nami nilizaliwa Uvira. Andika, mjukuu wangu, wala usicheke.

Tuliomba nyumba ya bei nafuu hapa mtaani Bertrams, ugenini, ambayo hupewa wale tu ambao kipato chao hakizidi kiwango. Kwetu, mzazi hamwaibishi mwanawe mbele ya mgeni. Basi karani, kijana Mkenya, alipouliza kazi ya mama yako, binti yangu, ya kusuka nywele inaleta kiasi gani, nilijibu kwamba inalisha nusu ya kanisa.

“Eish, shosho!” akaniita bibi kwa lugha ya kwao. “Basi mmepita kiwango. Nyumba hizi ni za maskini.”

Mama yako akainamisha kichwa. Foleni nzima ilinisikia nikimwambia karani, “Mwanangu, kanisa ndilo linalotulisha.”

Hifadhi jibu hilo la pili. La kwanza lifute, ingawa lilikuwa tamu zaidi.