Garimoshi Kisimani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyoleta garimoshi kwenye visima vya Wajir, na mimi garimoshi sikuwahi kuliona hata kwa mbali. Cheka tu. Mimi mwenyewe siku hizi nacheka.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Shuleni tulikuwa wachache, na waliopita mtihani wa kwenda sekondari walikuwa wachache zaidi. Ukoo mzima ulitaka mtu wao apite. Kabla sijashika kalamu nilikwisha kuitwa Karani. Kina mama walimletea mama yangu samli, wakimwambia mwanawe asije akawasahau akipata ofisi. Nami, mjinga wa watu, nikaanza kutembea kikarani.

Hapo akatokea mgeni mmoja mjini, aliyejisifu kwamba anayajua maswali kabla hayajatungwa. Wazee wakamtolea Deeqa, ngamia wetu mwenye maziwa mengi kuliko wote, ili anifundishe. Kufundisha kwenyewe kulikuwa kunikaririsha insha kumi za Kiingereza: ya harusi, ya bahari, ya safari ya garimoshi. Nilipomuuliza hilo daraja la pili la garimoshi ni kitu gani, alinijibu, "Wewe shika maneno. Maana utaijua ukifika."

Nikayashika. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angeniambia, na watu wote walikuwa wakinipigia makofi?

Siku ya mtihani nikafungua karatasi. Swali la insha lilisema: eleza jinsi mifugo inavyonyweshwa maji kwenu.

Mwanangu, mimi nimekulia kisimani! Lakini insha hiyo haikuwamo katika zile kumi. Nilimwaza Deeqa, nikaiwaza samli ya kina mama, nikaogopa kuandika neno langu mwenyewe lisije likawa na kosa. Basi nikaandika garimoshi. Nikalisimamisha kisimani, likapiga honi, na ngamia wetu wakapanda daraja la pili.

Nilianguka, na nilistahili kuanguka.

Wazee walikuja juu. Wengine walitaka yule mgeni apewe ngamia wa pili, anikaririshe insha ishirini. Mtoto wa ukoo jirani amepita, walisema, sisi tutaficha wapi nyuso zetu? Mama aliinamisha kichwa, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko maneno yote.

Mjomba wangu Nuur aliniondoa mbele yao. Kwetu mjomba na mpwa huitana abti, wote wawili. Alinichukua hadi kisimani walipokuwa ngamia wake, akanikamulia maziwa, akangoja nikamaliza. Hakuniuliza chochote kabla ya hapo.

"Abti," akasema, "hebu nieleze tunavyonywesha. Mimi ni mgeni, sijui kitu."

Nikamweleza. Wanaume wanavyojipanga ndani ya kisima, ndoo ya ngozi ikipanda mkono kwa mkono. Wimbo wanaoimbiwa ngamia ili wanywe kwa utulivu. Zamu ya kila ukoo, na kwamba msafiri mwenye kiu hangoji zamu. Nilieleza hadi nikasahau aibu yangu.

"Maneno haya yalikuwa wapi siku ile?"

"Yalikuwamo, abti. Niliona haya kuyatoa."

Akatikisa kichwa. "Wallahi, ngamia hubeba maji safari nzima na yeye asiyanywe. Sisi ndio tuliokubebesha. Usituchukie, abti."

Alasiri hiyohiyo akarudi kwa wazee. "Ngamia wa pili hatoki," akawaambia. "Kijana atarudi darasani na kichwa chake mwenyewe." Walimnunia msimu mzima, naye akavumilia kwa ajili yangu.

Mwaka uliofuata swali lilikuwa la soko. Niliandika soko la mbuzi nililolijua. Makosa yalikuwamo, lakini yalikuwa yangu. Nikapita, wa mwisho kati ya waliopita, na baadaye nikawa mwalimu. Mjomba Nuur hakujua kusoma hata jina lake, na kwa kila nilichosomesha maishani namshukuru yeye.

Sasa nasikia na wewe unapelekwa masomo ya ziada alfajiri na jioni, na shangazi zako wameshaanza kukuita Daktari. Nenda, mwanangu, sikukatazi. Elimu haina mwisho. Ila anayekufundisha akufundishe kufikiri, na akikwambia maana utaijua baadaye, muulize tena, na tena, hata akikasirika. Kitu unachokijua usione haya kukisema kwa maneno yako. Na hao wanaokupigia makofi wapende, ni watu wako, lakini usiingie nao kwenye chumba cha mtihani.

Mungu akufungulie kifua chako na aufungue ulimi wako. Akujalie upite. Na kama siku moja utarudi nyumbani na habari mbaya, akujalie umkute mtu wa kukupa maziwa kwanza, ndipo akuulize.