Kaseti Iliyomwita Mama

Harufu ya grisi iliyochanganyika na petroli ikinipata popote, mimi huharakisha hatua. Ndiyo harufu ya gereji moja ya Kawale, Lilongwe, nilikopita kila Jumamosi na mama yangu nikiwa na miaka kumi. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kufuata vitambaa vya cherehani yake, na yeye alipobishana na wauzaji, mimi nilisimama kwa Bambo Phiri, fundi wa magari mwenye tumbo kubwa na kicheko kilicholishinda. Magari yake yalitoka Japani yakiwa yamechoka, na mengine yalikuja na kaseti ya mwenye gari wa zamani imekwama ndani ya redio. Wenyewe wapya walitaka nyimbo za injili, kwa hiyo hizo za Kijapani alizichokoa kwa bisibisi na kuzitupa kwenye ndoo. Siku moja aliichezesha moja kwanza. Gitaa peke yake, taratibu, halafu sauti ya mwanamume anayeimba kama mtu aliyekumbuka kwao. Sikuelewa hata neno. Kisha nikasikia, wazi kabisa: Hana. Na tena: Hana.

Hana ni jina la mama yangu. Mungu wangu, nilivyoruka! Mtu wa Japani anamjua mama! Nilimsumbua Bambo Phiri mpaka akachoka, akanipa ile kaseti huku akicheka. "Zikomo, zikomo," nikamshukuru, nikaisokomeza kiunoni na kukimbia. Nilitaka kumpa mama zawadi bila yeye kujua imetoka wapi. Zawadi! Usinicheke.

Sasa lazima nimseme baba, na sitamsema vizuri. Kwetu Bukavu, Kongo, kabla ya vita, alikuwa na duka la vitenge. Dzaleka alikuwa na mikono tu, na kazi ya kuipa hakukosa. Alimpiga mama kwa mboga iliyozidi chumvi, kwa mboga iliyopungukiwa chumvi, kwa kusalimiwa na shemasi. Jirani mmoja aliyekuja kuamua ugomvi alirudi kwake ameshika jino lake mkononi. Mimi alinichapa mkanda mpaka nikajikojolea. Watu wa kanisani huniambia nimsamehe, eti vita vilimharibu. Vita vilipita kwa mama pia, mbona yeye hakumvunja mtu? Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga. Sawa. Lakini hawakusema mwenye kovu awagawie wengine.

Jumapili ile, baada ya ibada, mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Niliiweka kaseti ndani ya redio aliyoitumia kujifunza nyimbo za kwaya, nikajificha nyuma ya pazia lililogawa nyumba yetu, nione uso wake. Wimbo ulipofika kwenye jina, mama aliinua kichwa. Alishangaa, kisha akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwahi kuliona. Akaingia ndani kusikiliza vizuri. Baba naye akaingia nyuma yake.

"Huyu mwanaume njo nani?"

"Mi sijui, Papa Furaha." Furaha ni mimi.

"Anakuita jina mara ine, na hujui? Luga gani hii? Munajifichia ndani ya luga!"

Alimkamata nywele akampigiza kichwa ukutani mpaka udongo ukamwagika. "Njo nani?" Ngumi ya mdomo. "Mi sijui." Teke la tumbo. Akamvuta akamsimamisha tena, damu ikimchuruzika kwenye blauzi ya kwaya. Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: Hana hana kosa. Maneno matatu, hata mtoto anayejifunza kuongea anayaweza, kisha niseme kaseti ni yangu. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu ulijifunga, ukaponza mkono wa mtu mwingine. Baba alinyakua pasi ya mkaa, ile ya chuma, akaizungusha; mama akainua mkono wa kulia kujikinga, nami nikausikia mfupa. Na yule Mjapani, jamani, aliendelea kuimba kwa upole wake uleule. Ni Mama Esperance, jirani yetu Mnyarwanda, aliyeingia na mchi wa kinu akamtwanga baba mgongoni, mara moja, mara mbili, mpaka akaangukia redio na wimbo ukakatika.

Mkono wa mama uliunga vibaya. Alijifunza kuzungusha gurudumu la cherehani kwa mkono wa kushoto. Baba aliondoka mwaka uliofuata. Sijui kama yuko hai, wala siulizi. Na hakuna aliyewahi kuniuliza ile kaseti iliingiaje ndani.

Mwaka jana, Kawale hiyohiyo ninakouza nguo zangu siku hizi, dalali mmoja wa magari alikuwa akichezesha nyimbo za aina ile kwenye simu. Nilimuuliza zinasema nini, na hilo neno hana ni nini. Akanieleza kwamba ni nyimbo za ujana wa watu ambao sasa ni wazee huko Japani, nyimbo za kukumbuka vijiji walivyoviacha, na kwamba kwao hana ni ua, lile linalochanua. Ua! Mama yangu alivunjwa mkono kwa sababu ya ua. Nililia pale sokoni bila haya, kisha nikarudi Dzaleka siku hiyohiyo nikamwambia mama kila kitu, kwamba ni mimi niliyeileta.

Hakuacha hata kupepeta maharage yake. "Nilikuonaka ukiiweka ndani ya redio. Unafikiri mi nilikuwa kipofu?"

"Mbona hukusema, mama?"

"Niseme nini? Pasi ile, mi ilinipata mukono. We, na urefu wako wa wakati ule, ingekupata kichwa."

Watu husema utoto wetu wa kambini ulikuwa mgumu na wa watoto wetu una afadhali, nami nilikuwa naitikia tu. Sasa nimepima mwenyewe. Juzi nilimsimamisha binti yangu, mwenye miaka kumi, nimshonee sare ya shule. Niliinua mkono wangu, nikausogeza polepole pale ilipopita pasi siku ile. Ulifika juu kidogo ya sikio lake.

"Mama, unapima nini?" akauliza.

Nilimkumbatia kwa nguvu, sare ikiwa bado na pini, akapiga kelele kwamba zinamchoma.