Visanduku Mia Sita Ishirini na Tano

Kwa miaka thelathini mtaa mzima ulimwita Bi Rula, kwa kuwa mstari wake haukupinda hata akiupiga juu ya ngazi inayotikisika. Alichora majina ya maduka, mikasi ya vinyozi, magurudumu ya mafundi baiskeli. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango, na wateja wakamhama mmoja mmoja.

Siku moja akajiwa na seremala. Mabango yake mawili ya plastiki yalikuwa yamechanwa na upepo, naye sasa alitaka msimbo wa QR, ule mraba unaopigwa kwa kamera ya simu, uchorwe ukutani kabisa. Mpita njia aone vitanda na makabati yote hata karakana ikiwa imefungwa, na seremala naye ajue wangapi wametazama.

"Kwa mkono?" mchapishaji wa jirani akacheka. "Dada, hiyo ni kazi ya kompyuta."

Bi Rula alikwenda kwa bintiye, muuza simu. "Nifundishe."

"Mama, kila kisanduku ni ndiyo au hapana," binti akaeleza, akimwonyesha msimbo wa seremala aliouchapa kwenye karatasi. "Cheusi ndiyo, cheupe hapana. Vikijipanga vinakuwa anwani. Hii miraba mitatu mikubwa ya pembeni inaiambia kamera juu ni wapi, hata mtu akishika simu kombo."

Ishirini na tano kwenda juu, ishirini na tano kwenda kando. Bi Rula akafunga kibwebwe. Siku tatu alipiga mistari kwa uzi wa chaki, akajaza kisanduku baada ya kisanduku, midomo ikihesabu. Siku ya nne akauzungushia mraba maua mekundu, kama alivyozoea kupamba kazi zake.

Watu wakakusanyika. Seremala akainua simu. Akasogea, akarudi nyuma. Wapi! Mchapishaji akakohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua.

Bi Rula akalinganisha upya kila kisanduku na karatasi. Hakuna kilichokosewa. Binti alipofika, akatazama, akaangua kicheko.

"Mama, ni maua yako! Umeusonga. Lazima uachwe ukingo mweupe mtupu, upana wa visanduku vinne kila upande, kamera ijue unaanzia wapi."

Maua yalimuuma, lakini akayafuta kwa rangi nyeupe. Ilipokauka, simu ikalia *ti*, kitanda cha futi sita kikajaa kiooni. Vigelegele vikapasuka. Bi Rula akasimama kifua mbele, mikono imejaa rangi hadi viwikoni, machozi yakimlenga.

Wiki iliyofuata lori likarusha tope juu ya visanduku kadhaa vya mraba. Bado ukasomeka, binti akasema ndani yake mna akiba ya visanduku vya kufidia vinavyopotea.

Kinyozi akaja, na muuza miwani, na mwalimu wa udereva aliyetaka wake nyuma ya gari.

"Gari likikimbia nani atausoma?" Bi Rula akauliza.

"Wanafunzi wangu hawakimbii, Bi Rula."

Akacheka, akaanza kuupima mlango wa nyuma wa gari.